Kofia Niliyomvisha Baba Yako

Nyawira mwanangu,

Kabla hujapanda lori la maziwa kesho asubuhi, ujue vizuri unaagana na nani. Unaagana na mtu ambaye kama hangezaliwa, nusu ya watu wa Kieni wangekuwa chini ya udongo, na nusu ile nyingine wangekuwa wanatembea na miguu iliyopinda. Daktari mkubwa wa Nyeri akisikia firimbi yangu huacha chai ikipoa. Bwana DC, mkuu wa wilaya nzima, alisimamisha gari lake sokoni Chaka, akateremka mwenyewe, akaniuliza, "Wewe ndiye Nderitu?" Nikamwambia ndimi. Akanyamaza. Mtu mkubwa akinyamaza mbele yako, hiyo ni heshima kubwa kuliko nishani. Na nyati wa mlimani aliyenipiga pembe hapa kwenye paji la uso, kovu unalijua, aliona haya mwenyewe akarudi msituni kinyumenyume.

Haya. Hayo umeyasikia tangu ukiwa unatambaa, na sikuchukua daftari la hesabu nilichane karatasi ili nikusimulie nyati.

Nimekaa ghalani juu ya gunia la viazi, mlango nimeurudisha, jua bado liko juu ya msitu. Mama yako yuko nje ananyonyoa kuku wa safari yako, na kila akipita hapa mlangoni anakohoa. Najua kwa nini anakohoa. Asubuhi tukikamua aliniuliza bila kugeuza kichwa, "Shemeji, utamwambia wewe ama nimwambie mimi?" Nikasema nitamwambia. Akasema, "Leo." Nikasema leo. Tangu hapo nimekupita mara nne uani, mara nne nikafungua mdomo, na mara nne nikakuambia habari ya mvua. Mdomo wangu unajua njia moja tu na hiyo njia ni pana na ina mapambo. Labda kalamu, kwa sababu mimi na kalamu hatujazoeana, itashindwa kudanganya.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokulea nacho, mama yako akiwa binti wa polisi kutoka upande wa Kakamega, na Kikuyu chake hadi leo huchekesha ng'ombe. Mambo ya sabuni, blanketi, na nani atakupokea Nakuru ukielekea chuo cha wauguzi, yeye amekuambia mara tatu. Mimi siyagusi.

Wacha nianze na siku ya Mama Wangechi, mvua iliyopita, kwa sababu tangu siku hiyo chakula hakipiti vizuri.

Nilipuliza firimbi mara mbili, ishara ya uzazi, nikangoja. Unajua Kikosi cha Firimbi kilivyokuwa. Nikipuliza hapa juu, inapokewa kwa jirani yetu Gathogo, inapokewa kwenye dipu ya kuogeshea ng'ombe, inashuka lango kwa lango mpaka Chaka, na kabla machela haijafika lango la pili, watu sita wapya wamesimama tayari na mikono imekunjuliwa. Kuna siku ilisikika mpaka Karatina, wauza kabeji wakadhani ni treni. Lakini siku hiyo ilijibiwa mara moja, na aliyejibu alikuwa Gathogo, mwenye nyonga mbovu. Kwingine kimya. Wanaume wenye mabega wako Nairobi wanalinda mageti ya watu wengine, na waliobaki hawakumbuki firimbi waliitundika wapi. Tukawa watano: wewe, mama yako, Gathogo, mume wa mgonjwa, na mimi mbele. Maili tisa za udongo mweusi, na hakuna wa kupokea. Kila mkiteleza mnaweka chini, kila mkiweka chini yule mama anauliza tumefika. Tulipofika lami yeye alikuwa hai. Mtoto hakulia.

Ukakaa kando ya barabara, magoti yote matope. Ukaniambia, "Baba Mdogo, naenda kusomea hii kazi, halafu narudi. Baba yangu alikuwa na wewe, ulimbeba mbio mpaka mwisho. Hawa watu wako na nani?"

Nikakohoa. Nikasema ni vumbi. Kulikuwa kunanyesha.

Hiyo ndiyo sababu ya barua. Unakwenda kuwa muuguzi kwa sababu ya hadithi ya mtu aliyembeba ndugu yake mgongoni maili tisa bila kupumzika, akaruka mto wenye mafuriko, na yule ndugu akamwambia, "Umenitunza," kisha akakata roho kifuani pake. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye kila mkutano wa Kikosi. Kila mwaka ule mto uliongezeka upana. Nyawira, hakuna mto kati ya hapa na Chaka. Ni kijito, na kina daraja, umekivuka maisha yako yote, na hukuwahi kuniuliza. Hilo ndilo linaloniua. Uliniamini kuliko ulivyoamini macho yako.

Ukweli nitauandika haraka. Wewe usome polepole.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tugawiwe mashamba ya mzungu. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Mimi na baba yako tulikuwa tunaangusha mtarakwa wa nguzo za ua, yeye upande mmoja wa msumeno, mimi upande wa pili. Mti ulianguka vizuri, tena pale nilipokuwa nimesema utaanguka, nikageuka nianze kujisifu. Shina likaruka nyuma kama teke la ng'ombe likampiga mgongoni. Hakuzimia. Alilala kwenye majani akitazama juu, akasema, "Nderitu, miguu yangu iko wapi?" Nikamwambia iko hapa. Akasema, "Basi ichunge, mimi siisikii." Baba yako Wachira alikuwa mtu wa mzaha hata hapo.

Nilipiga kelele. Wakaja wanaume saba, wakasimama duara, wote mikono nyuma. Wewe umekua ukiona watu wakigusa majeruhi, kwa hivyo hujui ilivyokuwa. Mtu akifia mikononi mwako, unabaki na uchafu wa kile kifo. Hulali kwako, hushiki mtoto, mpaka mbuzi achinjwe na utakaswe. Wote saba walikuwa wamebatizwa, mmoja alikuwa mzee wa kanisa, lakini mikono ilikuwa nyuma. Mmoja alisema, "Tungoje kidogo tuone." Mwingine akamuuliza, "Ati tuone nini, na wewe?" Na yeye mwenyewe hakusogea.

Mama yako alikuja mbio amejitwika mlango wa zizi la ndama. Ameung'oa na bawaba zake. Akautupa chini, akasema, "Shemeji, mlazeni hapa. Msimkunje. Baba yangu ameokota watu wa ajali miaka yote, mtu wa mgongo hakunjwi."

Nikamwambia, "Shemeji, huku kwetu mtu hai habebwi akiwa amelala. Anayelala ni maiti."

Na sikudanganya, ndivyo watu walivyoshika: ukimpitisha mtu njiani amelala, umekiambia kifo aliko. Nyanya yako, huyo uliyepewa jina lake, alikuwa amefika, na alipouona ule mlango alianza kuomboleza kana kwamba kaburi limechimbwa. Wazee wakatikisa kichwa kwamba nimesema vyema. Ningeweza kuishia hapa, nikakuachia wewe uwalaumu wazee na nyanya yako, na wengi wangenisaidia. Lakini sababu yangu ilikuwa nyingine. Ilikuwa siku ya soko Chaka.

Njia ya kwenda lami kutafuta gari la Nyeri ilipita katikati ya soko. Na soko lililotangulia nilikuwa nimesimama palepale, mguu mmoja juu ya kreti, nikitangaza kwamba sisi wana wa Kabui hakuna mti wa mlima huu utakaotushinda, anayebisha alete shoka. Watu walicheka sana. Niliwaona sasa akilini, mmoja mmoja, wakinitazama nikipita na ndugu yangu amelala juu ya mlango wa ndama.

Basi nikaleta mkokoteni wa punda tuliopelekea maziwa. Nikamkalisha baba yako katikati ya mikebe miwili mikubwa, nikamfunga kamba kifuani asianguke. Nikamvisha koti langu. Nikavua kofia yangu, ile ya kahawia yenye unyoya wa kanga, nikamvisha, nikaivuta mbele ifunike macho, kwa sababu macho yake yalikuwa yanasema kila kitu. Mama yako alisimama katikati ya njia na mlango wake. Nikampita pembeni.

Baba yako alisema, "Nderitu, nilaze." Alisema mara tatu. Ya kwanza ilikuwa kwenye lango la Gathogo. Ya pili kwenye daraja. Ya tatu ilikuwa tulipoanza kuona mabati ya soko yakimeta, na hapo nilimjibu. Nilimwambia, "Vumilia kidogo, tunapita watu."

Nilipita katikati nikisalimia kushoto na kulia. Mama mmoja wa maharagwe aliuliza, "Wachira anapelekwa wapi amependeza hivyo?"

Nikasema, "Nyeri. Anaenda kung'olewa jino."

Mwanamume mmoja akasema, "Mwanamume mzima anavutwa na punda kwa sababu ya jino? Wana wa Kabui nyinyi."

Watu wakacheka. Nikacheka. Na chini ya kofia nikaona mdomo wa baba yako ukijaribu kucheka pia, ili asiniaibishe.

Tulipofika lami nilisimamisha punda kando. Nikasema, "Haya, hapa hakuna mtu. Sasa nakulaza." Hakujibu. Nikainua kofia.

Alikufa ameketi, mwanangu. Nilipomfungua kamba hakuanguka; mikebe ilimshika, akabaki ameketi hivyo hivyo, na dereva wa lori aliyesimama aliniuliza kwa nini ninambeba maiti kama abiria. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilianza kutafuta jibu, na kabla sijafika daraja jibu lilikuwa limeota miguu na lilikuwa linakimbia, na mimi nilikuwa ndani yake nimembeba mgongoni. Walipokuja kunipokea ndiyo maneno yaliyotoka. Watu walilia, wakanishika mikono. Wewe ulikuwa begani kwa mtu, ukanishika sikio. Ningesemaje lingine?

Wale saba na watu wa soko waliujua mkokoteni, lakini mwenye mikono nyuma hambishii aliyegusa, na aliyecheka habari ya jino hapendi kuikumbuka. Na mama yako alikuwa amesimama pale. Alituona tukiondoka. Aliona kofia. Hakusema neno.

Alikuja kwangu mwezi mmoja baada ya mazishi. Alikuwa amebeba miti miwili myembamba, ameichonga mwenyewe kutoka matawi ya mtarakwa uleule, na magunia mawili matupu ya mahindi aliyoyatoboa pembe ili miti ipite. Akaviweka mlangoni pangu. Akasema, "Shemeji, hadithi yako nimeisikia kanisani. Ni nzuri sana. Sasa ifanye iwe kweli."

Hivyo ndivyo Kikosi cha Firimbi kilivyoanza. Hakikuanza kwa ndoto niliyoota mlimani, ambayo pia umeisikia.

Mama yako alimfahamu dresa mmoja mstaafu, mzee aliyefunga vidonda hospitalini tangu enzi za mkoloni. Somo la kwanza lilikuwa jikoni mwa mama yako, tulikuwa watatu tu: dresa, yeye na mimi. Nitalirudia hilo somo. Baadaye tukaita mkutano, wakaja watu thelathini, na mama yako akapanda juu ya meza ya kanisa akalala chali, akasema, "Mimi nimevunjika mguu. Nani atanigusa?" Ungeona watu walivyosoma dari. Dresa akamuuliza Gathogo, "Wewe kijana, unaogopa?" Gathogo akasema, "Siogopi, mzee. Nangoja mwenye nyumba aanze." Tukangoja. Mama yako akafumba macho juu ya ile meza akasema, "Sasa nimekufa. Asanteni kwa kunitembelea."

Hapo ndipo nilipojifunza kitu cha kwanza cha kweli maishani mwangu. Wale watu hawakuwa wabaya. Siku ile ya mtarakwa pia hawakuwa wabaya. Kila mmoja alikuwa tayari kuwa wa pili. Mama yako akatengeneza zamu: kila wiki kuna mtu mmoja anayeitwa mgusaji, jina lake limeandikwa kwenye mlango wa kanisa, na firimbi ikilia wiki hiyo, hafikirii, ni zamu yake, anapiga magoti anagusa. Akishagusa yeye, mikono ya wengine inatoka nyuma yenyewe. Na habari ya uchafu wa kifo hakuwacheka wala hakuwahubiria. Alikwenda kwa mke wa mchungaji wakakubaliana juu ya beseni. Kila machela ikirudi, awe mgonjwa amepona au amekufa, wote waliobeba wanapita nje ya kanisa, wanamiminiwa maji ya moto yenye chumvi, wananawa kwenye beseni moja, na mchungaji anasema maneno mawili. Baada ya hapo unalala kwako, unashika mtoto. Wazee wa mila wakasema hiyo inatosha. Wazee wa kanisa wakasema hiyo ni sabuni tu. Kila upande ukaridhika, na watu wakabebwa. Tena wakabebwa wamelala, Nyawira. Pigano la kumlaza mtu lilichukua miaka miwili, na mama yako alilishinda kwa kulala yeye mwenyewe kwenye machela, siku ya soko, akabebwa kutoka hapa mpaka Chaka na kurudi, akila ndizi. Watu walisema binti wa polisi amerukwa na akili. Lakini alirudi akiwa hai.

Mimi nilikuwa mbele na firimbi. Nilikuwa mwenyekiti. Nilitangaza kwamba mwenyekiti hawekwi kwenye zamu ya kugusa.

Siku moja nilimuuliza dresa, tukiwa wawili, "Mzee, mtu amepigwa mgongo, pengine damu inavuja ndani. Akikalishwa, inakuwaje?"

Akaniangalia sana. Akasema, "Unauliza ya nani?"

Nikasema ya jamaa fulani wa Mukurweini.

Akasema, "Huyo wa Mukurweini pengine angekufa tu. Pengine angeishi bila miguu. Lakini kukalishwa kulimharakisha."

Nimelala na hizo pengine mbili tangu siku hiyo. Nikigeukia huku niko na moja, nikigeukia huku niko na nyingine. Ningemtunza bila miguu. Ningemkalisha mlangoni kwenye jua anitanie. Angekuambia mwenyewe kwamba ni kijito.

Sasa utaenda kwenye darasa lenu na siku moja mwalimu atachora mgongo wa mtu ubaoni, ataeleza kwa nini haukunjwi, na wewe una akili, utakumbuka kwamba Baba Mdogo alisema alimbeba baba yako mgongoni. Utaanza kuhesabu. Hata ule uongo wangu, ukiupima kwa ule ubao, unaua. Niliuchagua nikidhani unanipamba. Sikutaka ujue kutoka kwa chaki.

Kuna mambo machache ambayo nimeyalipia, uyachukue. Watu wakileta mgonjwa wakakuambia alikuja akitembea mwenyewe, tazama soli za viatu vyake. Wanaodanganya hospitalini si wezi, ni watu wanaoona haya kama mimi, na ukiwakaripia wataficha zaidi, na anayelipa ni yule aliyelala. Mgonjwa akikuambia "nilaze" mara ya kwanza, isikie hiyo ya kwanza. Na ukiona kofia imevutwa chini, inua kofia. Sina mengine. Nilidhani nikifika hapa ningekuwa na mengi.

Sijui utafanya nini na karatasi hii. Nimekuwa nikijaribu kukufikiria ukiisoma, na sipati uso wako, napata mgongo wako tu, ukipanda lori. Usiniandikie haraka kwamba umenisamehe, kwa sababu nitajua ni adabu. Nichukie kwa muda unaohitaji. Kitu kimoja tu nakuomba, na nakuomba kama mtu aliyeshika nguo ya mtu. Usiache kurudi kwa ajili yangu. Kikosi kimebaki watu wanne na wewe ndiye wa nne. Gathogo ameshasema nyonga yake haioni mvua nyingine. Mama yako ana miaka yake. Ukikaa huko, firimbi italia hapa itajibiwa na mbwa, na yule atakayekuwa amelala chini ya mti atazungukwa tena na wanaume wenye mikono nyuma, na mbele yao atasimama mpumbavu fulani mwenye kofia nzuri. Najua hivyo kwa sababu nilikuwa yeye. Kama huwezi kuishi kilima kimoja na mimi, mwambie mama yako neno moja, siku hiyohiyo nitahamia Mukurweini kwa dada yangu. Firimbi nitaiacha kwenye msumari wa mlango wa kanisa. Sitauliza kwa nini.

Kofia bado ninayo. Unayoijua ya Jumapili ni nyingine. Ile iko ndani ya mkebe wa maziwa usio na kifuniko, hapa ghalani, chini ya magunia. Mama yako anajua. Kila mwaka anaitoa anaianika juani, kisha anairudisha, na hatujawahi kuizungumzia.

Na siku yangu ikifika, wewe ukiwa umerudi au mtu mwingine akiwa ameshika miti ya machela, nilazeni. Nilazeni mapema, nikiwa bado natoa maneno. Mnipitishe Chaka siku ya soko, katikati, kichwa wazi. Mama wa maharagwe akiuliza, mwambieni.

Mama yako amekohoa tena. Amesimama pale mlangoni sasa, kivuli chake kinaingia mpaka kwenye karatasi. Ameniuliza, "Umemwambia yote?"

Nimesema yote.

Amesema, "Na lile la jikoni?"

Basi na hilo. Lile somo la kwanza, dresa alikuja na kibofu cha mbuzi kilichojaa damu, atuonyeshe jinsi ya kuziba mshipa. Alikitoboa. Mama yako aliziba. Mimi nilianguka. Niliamka nimelala chali sakafuni, na shemeji yangu ameinua miguu yangu juu ya kigoda kama alivyofundishwa. Nikiona damu, Nyawira, naanguka. Ilikuwa hivyo siku hiyo na ni hivyo mpaka leo. Miaka yote hii natangulia mbele na firimbi kwa sababu anayetangulia haoni kilicho kwenye machela. Na hakuna nyati. Kovu hili ni la mguu wa meza ya mama yako.

Baba yako mdogo,
Nderitu